Mkono wa Kuazima

Kijiwe chenyewe ni meza ya dirishani katika kituo cha mafuta cha njia panda ya Haukiperä, pale malori ya magogo yanapopunguza mwendo. Saa tatu asubuhi wazee huingia wakipangusa theluji mabegani. Hununua kikombe kimoja cha kahawa, cha pili hupewa bure, na cha tatu hukiiba huku mwenye kituo akijifanya anahesabu mikate. Viti ni vinne. Jumatatu hiyo vilikaliwa vitatu. Ukutani alikaa Ensio, aliyebandikwa jina la Daktari kwa kuwa miaka thelathini alizunguka mashambani akiwapandikiza ng'ombe mbegu. Katikati alikaa Tauno, ambaye wote walimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuiona swichi ya kumzimia. Dirishani alikaa Hilkka, bibi wa miaka sabini na minne, aliyewapikia wakata miti kambini mpaka tusi likawa halimgeuzi shingo. Kiti cha nne kilikuwa cha Kalervo, dereva wa basi la shule. Walimzika Jumamosi. Mshipa ulipasuka kichwani akiwa bandani anapanga kuni.

— Mimi nasema hospitali ndiyo iliyommaliza, Redio alianza. — Mtu kaenda dharura Novemba na kidole kilichokatwa na shoka, kinaning'inia, wao wanamfunga mkanda wa presha. Nani kawatuma?

— Wanampima kila mtu, alisema Daktari. — Hata ukienda na kibanzi cha mti.

— Ndiyo hayo sasa. Mia tisini na nane kwa mia na kumi na mbili. Wakarudia mara tatu. Ukishatajiwa namba kama hiyo damu itatulia vipi?

— Ng'ombe ukimpandisha lori, moyo unamwenda mbio. Mrudishe zizini, anatulia. Hospitali ni lori, Redio. Na alipojipima nyumbani si tuliona?

— Tuliona. Presha kama ya msichana.

Hilkka aliangalia ndani ya kikombe chake. Ilikuwa ya msichana kwa sababu ilikuwa yake yeye.

Daktari wa dharura hakumhukumu Kalervo siku ile. Alisema maumivu hupandisha presha, na namba za siku moja ya kidole kilichokatwa hazitoshi kumwita mtu mgonjwa. Aende nyumbani, ajipime asubuhi na jioni siku saba, mara mbili mbili, aandike, kisha apeleke kijitabu zahanati. Jioni hiyohiyo Kalervo akabisha mlangoni kwa Hilkka na mashine kwapani. Amebakisha mwaka mmoja astaafu, akasema, na wakimwona na presha watamvua leseni ya basi. Niazime mkono wako, Hilkka. Naye akauazima, kama mtu anavyoazima ngazi.

Siku saba alikuja kabla ya kuwasha basi, akaja tena baada ya kulizima. Alikuwa mkali kuliko muuguzi. Usinywe kahawa kwanza, tutaharibu. Kaa wima. Usiongee dakika tano. Wakakaa dakika tano bila neno, wazee wawili jikoni, saa ya ukutani ikigonga, na Hilkka asiyeweza kunyamaza hata kanisani akanyamaza. Walifuata kila sharti la karatasi ile isipokuwa moja. Zahanati wakasoma kijitabu, wakasema basi, lilikuwa ni shoka tu.

— Basi kama si hospitali, Redio aliendelea, — ni zile peremende nyeusi za chumvi. Tangu aache sigara alikuwa anamaliza pakiti kabla ya kufika shule.

— Peremende haiui mtu, alisema Daktari. Meno mapya ndiyo yaliyomuua. Yale ya juu yana chuma, na chuma kinavuta damu kuipeleka kichwani.

— Wewe ungekuwa umekufa zamani. Una chuma kwenye nyonga.

— Cha nyonga kinavuta chini.

Redio alifikiri kidogo, akaona hilo lina maana, akapanda juu zaidi.

— Basi ni ile minara ya umeme wa upepo kule mlimani. Ikizunguka, hewa inabanwa. Hewa ikibanwa, na damu inabanwa. Mbona kabla ya minara hatukumzika mtu?

— Kabla ya minara tulimzika mkeo, Redio, alisema Hilkka. — Na mama yako. Hebu kunyweni kahawa.

— Wewe leo una nini? Daktari alimuuliza. — Hujatutukana tangu asubuhi.

Mlango ukafunguka, akaingia Outi, binti wa Kalervo, mwanamke wa miaka arobaini na mitano anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Hakuvua koti. Wazee wakanyanyuka nusu, wakakaa tena. Outi alikitazama kiti cha baba yake, akabaki amesimama.

— Shikamooni wazee wangu. Siketi. Nina swali dogo tu.

— Uliza, mama, alisema Daktari.

— Alhamisi nilianguka kiwandani. Wakanipeleka dharura. Presha mia themanini na nne kwa mia na sita. Wamenipa mashine, nijipime siku saba, nirudishe majibu.

— Ni msiba huo, Redio alisema. — Mtu kesho kutwa anamzika baba yake.

— Hata mimi ndivyo nilivyosema. Jana nikafungua droo ya baba, nikakuta kijitabu chake. Namba nzuri tupu. Nikasema kumbe hili halipo kwenye damu yetu, ni huzuni, itapita. Nataka niirudishe mashine bila kupima. Ninyi mliokaa naye kila siku mnaonaje?

— Irudishe, alisema Daktari. — Ng'ombe ukimpandisha lori...

— Funga mdomo, Ensio, alisema Hilkka.

Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho Hilkka kumwita mwenzake kwa jina lake. Aliweka viganja vyote viwili mezani.

— Outi, mwanangu. Zile namba si za baba yako.

— Mwandiko ni wake.

— Kuandika aliandika yeye. Mkono ulikuwa wangu. Siku saba, asubuhi na jioni, jikoni kwangu. Aliogopa leseni. Presha ya baba yako ni ile ya dharura, ile ile. Usiirudishe hiyo mashine.

Outi hakulia wala hakupandisha sauti. Alisimama akiuangalia mkono wa yule bibi, kisha uso wake.

— Mara ishirini na nane, alisema.

— Ndiyo.

— Mashine iko mezani, baba kaketi hapo hapo mbele yako.

— Ndiyo.

— Hamkumfunga mkanda yeye hata mara moja? Hata kwa kutaka kujua tu?

Hilkka alikuwa na jibu la kumpa msimamizi wa kambi, la mchungaji, la mtu wa kodi, na la wanaume wote wawili pale mezani. Alilitafuta la kumpa huyu. Akazikumbuka zile dakika tano za kimya, jinsi kila mmoja alivyokuwa akitazama sakafu, na jinsi ambavyo mashine ilipomaliza, Kalervo aliikunja haraka haraka na yeye akainuka haraka haraka kuinjika kahawa.

Outi alingoja. Kisha akafunga kifungo cha juu cha koti, akasema anaenda zahanati kuwaambia zile namba hazikuwa za baba yake, na akatoka.