Mlenda wa Chokaa

Mbukwenyi, ndugu zangu. Wazee wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu wote. Mchungaji ameniomba niseme nilivyoanguka na nilivyoinuliwa. Wengi mmeshasikia habari hii kwa wake zenu. Leo isikieni kwa mtenda mwenyewe.

Wakati wa Mdachi nilikuwa kijana niliyetoka kusoma shule ya serikali huko pwani hadi madarasa ya juu. Reli ilikuwa inajengwa na madaraja yalitaka chokaa. Msimamizi mmoja Mdachi akajenga tanuri la chokaa hapa kwetu, upande wa mashariki. Yeye alijua Kiswahili lakini Kigogo hakukijua, basi akaniajiri niwe karani na mkalimani wake. Nikapewa viatu. Nawaambia, viatu viliingia miguuni, kiburi kikapanda kichwani.

Mnaujua upepo wetu. Hutoka mashariki, na hauna adabu. Tanuri lilipowashwa, moshi na vumbi jeupe vilishukia mashamba ya uwele na mapaa bapa ya nyumba zetu za tembe, pale pale wanawake walipoanika mlenda, mboga yetu ya kila siku. Majani ya uwele yakaungua. Mbuzi wakawa wanakohoa kama wazee wa baraza. Kila mtu akaota mvi, hata mtoto anayenyonya. Mimi sikuona shida yoyote. Nilivaa kanzu nyeupe.

Wazee wakaja kulalamika, wakasema kwa Kigogo mpaka jua likapinduka. Msimamizi akaniuliza, "Wanasema nini?"

Nikajibu, "Wanashukuru kwa kazi, bwana."

Chekeni tu. Ningeweza kusingizia hofu ya hamsa ishirini, maana viboko vilikuwepo. Lakini hapa ni mbele za Mungu: niliogopa kuvuliwa viatu.

Wanawake hawakuridhika. Wakanikamata njiani, nami nikawatolea elimu yangu ya pwani. "Vumbi hili ni kama magadi tu. Si mnatia magadi mlenda ulainike? Sasa mnaletewa mpaka juu ya paa, bure!"

"Kama magadi?" akauliza mama mkwe wangu. Alikuwa amejificha nyuma ya wenzake, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni.

"Kama magadi kabisa," nikasema, nikitazama viatu vyangu.

"Haya. Tumesikia."

Msimu ule mashamba ya jirani na tanuri hayakutoa hata punje. Familia mbili zikafunga mizigo, zikahamia upande wa Mtera. Wengine wakaanza kukagua mizigo yao. Kijiji kilikuwa kinakwisha, nami nilikuwa napiga viatu rangi.

Ndipo asubuhi moja wanawake wote wakaja kwenye kibanda cha msimamizi, wamebeba ugali wa uwele na chungu cha mlenda. Mama mkwe yuko mbele, amejifunika kaniki. Akasema, "Mgeni wetu hajawahi kula kwetu. Ni aibu. Karani, mwambie."

Nikamwambia. Msimamizi akafurahi, akanawa mikono. Mama mkwe akaendelea: "Lakini mwenyeji huonja kwanza, mgeni asihofu. Na mwenyeji ni wewe, mtoto wa hapa. Mlenda umetoka juu ya paa. Magadi hatukutia, tumetumia yale yako."

Nikakumbuka mila, nikashukuru mila. "Haiwezekani," nikasema. "Mtu hali mbele ya mama mkwe wake."

Yule mama akageuka, akanipa mgongo. "Nimegeuka. Kula."

"Kula, karani!" akasema msimamizi alipoona chungu kimesogezwa kwangu, akicheka bila kujua kwa nini wanawake wote wananitazama.

Nikakata tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Ndugu zangu! Ulimi uliwaka kama tanuri lenyewe. Nikatema, nikapiga magoti, nikapewa maji, nikalia. Msimamizi akatazama mkono wake uliokuwa tayari kwenye ugali, akauondoa polepole. "Nini hiki?"

Nikasema kweli yote: mashamba, mbuzi, familia zilizohama, maneno ya wazee niliyoyageuza. Ulimi ulikuwa umevimba, lakini siku hiyo ndipo nilipotafsiri vizuri kuliko siku zote.

Sisemi kwamba alitubu. Viatu alinivua hapo hapo. Ila wanawake walirudi kesho yake na chungu kingine cha mlenda wa juu ya paa, na keshokutwa, na siku iliyofuata, kwa heshima kubwa. Nani apigwe hamsa ishirini kwa kumkaribisha mgeni chakula? Kabla ya mvua, tanuri lilihamishiwa magharibi, nyuma ya kilima, pasipo shamba wala tembe.

Zile familia mbili hazikurudi. Uwele uliota tena, wao hawakuuona. Hilo halinichekeshi, na nimelibeba mpaka uzee huu.

Nawashukuru wanawake wale, wengi wametangulia. Namshukuru mke wangu, aliyenilisha uji wakati sikuweza kutafuna. Na zaidi mama mkwe, ambaye sikuweza kumtazama usoni hata siku ya kumshukuru. Nilisimama nyuma ya ukuta wa tembe nikamwomba radhi. Akauliza, "Umekula?"

Nikasema bado.

"Ingia. Huu tumetia magadi."

Basi akija mtu kuwaambia moshi wake hauna madhara, msibishane naye. Mkaribisheni chakula, na msiondoke mpaka ameonja.