Kitabu cha Reli kwa Mzee Mikdad

NASRIN: Haloo? Ni nani?

BI MWAJABU: Kitendawili!

NASRIN: Bibi! Shikamoo. Namba ya nani tena hii?

BI MWAJABU: Marahaba, mjukuu wangu. Ya Raya, jirani. Yangu haina chaji. Kitendawili!

NASRIN: Haya, tega.

BI MWAJABU: Ndugu wawili wamelala chini toka pwani mpaka bara, hawagusani wala hawaachani.

NASRIN: Reli. Umenituma kitabu cha reli, ningejibu nini, kanga? Nimesimama hapa Posta kwa muuza vitabu vya mitumba, jua la utosi.

BI MWAJABU: Si reli tu. Reli zisizopita treni tena, zilizoota majani. Zawadi ya Mzee Mikdad hiyo. Kesho kutwa anahamia Ubena kwa binti yake.

NASRIN: Yule aliyekuwa fundi wa reli?

BI MWAJABU: Huyo huyo. Vipo?

NASRIN: Vitatu. Cha kwanza cha watoto, treni imevaa kofia, inacheka—

BI MWAJABU: Mzee ana miaka sabini na mbili!

NASRIN: Cha pili Kijerumani kitupu. Cha tatu Kiingereza, reli za zamani za mashamba ya mkonge. Picha tele. Mataruma ya mbao chini ya reli yameoza, mbuzi kalala katikati ya njia—

BI MWAJABU: Hicho hicho! Karatasi zake zikoje? Za kawaida au za kung'aa?

NASRIN: Za kung'aa. Kwani?

BI MWAJABU: Afadhali. Za kung'aa hazinyonyi mafuta.

NASRIN: Mafuta?

BI MWAJABU: Mtandao huu... unakata...

NASRIN: Haukati. Mafuta gani, Bibi?

BI MWAJABU: Usimwambie mama yako. Mzee aliniazima kitabu kama hicho, toka kabla ya Ramadhani. Nikakiweka juu ya madaftari ya zamani ya mjomba wako Twalib, yale ninayofungia bagia. Miwani sijui iko wapi, moshi umejaa jikoni. Nachana, nafunga. Nachana, nafunga. Jana natia mkono, limebaki jalada.

NASRIN: Bibi!

BI MWAJABU: Bibi yako nimeuza reli nzima, kituo kwa kituo, na chatini juu yake.

NASRIN: (anacheka) Subiri... subiri nikae.

BI MWAJABU: Cheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikalia, kisha nikakaanga, maana kunde nilishasaga. Na kesho baada ya sala ya Ijumaa anakuja kuchukua kitabu chake. Nitaweka wapi uso?

NASRIN: Kwani hajui?

BI MWAJABU: Atajuaje? Kila asubuhi yeye wa kwanza barazani. Ananunua bagia mbili, halafu anasema, "Bi Mwajabu, niongeze mbili, karatasi nyingine." Kila siku! Nimeshautangazia mtaa mzima kuwa bagia zangu zimemtia wazimu mstaafu wa serikali.

NASRIN: Si ulisema daktari kamkataza mafuta?

BI MWAJABU: Kamkataza kabisa.

NASRIN: Basi hizo bagia anakula nani?

BI MWAJABU: Anakula... Ndiyo maana wale paka wake wamenenepa.

NASRIN: Bibi, anafuata karatasi!

BI MWAJABU: Ya Rabi! Na mimi ninavyojikwatua! Wanja asubuhi asubuhi, udi, kanga mpya, kwa mtu anayetafuta ukurasa wa arobaini!

NASRIN: Kitendawili.

BI MWAJABU: Saa hizi?

NASRIN: Bibi mmoja kaishia darasa la saba, Kiingereza chake "gudi moningi" basi. Kaazima kitabu cha Kiingereza cha reli zilizokufa. Cha nini?

BI MWAJABU: Nimeshindwa. Chukua mji. Nakupa Kerege.

NASRIN: Kerege sitaki.

BI MWAJABU: Nakupa Miono, na mashamba yake.

NASRIN: Sitaki mji, nataka jibu. Na ninunue nisinunue? Muuzaji ananikodolea macho.

BI MWAJABU: Nunua! Upande basi la alfajiri kesho, uje— Ngoja. Kuna mtu anapiga hodi.

NASRIN: Nani?

BI MWAJABU: (kwa kunong'ona) Yeye. Si alisema kesho? Kabeba bahasha ya kaki... Nasrin, kurasa za kitabu, kazipanga. Zina madoa ya mafuta kila moja, lakini kazipanga kwa namba.

NASRIN: Kakasirika?

BI MWAJABU: Anauliza kama zile nne anazokosa nitazifungia bagia kesho.

NASRIN: (anacheka)

BI MWAJABU: Nyamaza, atakusikia! Raya naye anadai simu yake, salio lake linakwisha. Haya, mjukuu wangu, Mungu akuweke—

NASRIN: Bibi, usikate! Kitabu ulikiazima cha nini?

BI MWAJABU: ...Ili awe anapita kukiulizia.