Nafasi Waliyomwachia Job

Ndani ya basi la kwenda Al Thumama, huku ughaibuni, mlinzi aliyeitwa Job alimwonyesha muuguzi aliyeketi naye video ya mazishi ya mama yake.

"Nilinyimwa likizo, sista. Nimejifunza mtandaoni kuhariri filamu, masomo ya bure. Nilijirekodi mbele ya shuka la kijani, ambalo hufutika kwenye video; sasa najiweka pale kaburini."

"Lakini hukuwapo, kaka. Si ni uongo?"

"Ndugu zangu waliniachia nafasi. Ona."

Mungu anisamehe, nilichungulia kutoka kiti cha nyuma yao. Kweli, katikati yao palitosha mtu mmoja.

"Na huo udongo unaoutupa kaburini uliutoa wapi?"

"Nilirusha majani ya chai."

Muuguzi alicheka, kisha akafuta macho. Basi liliposimama, aliinuka.

"Bado ni uongo, Job. Lakini rudia kujirekodi bila hiyo kofia ya kazi. Uko mbele ya mama."