Kapteni Alipovuka Kamba

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya duka la mboga la Bi Kokila, Kingsbury Road, huku ughaibuni, pembeni ya kituo cha basi la 183. Council, halmashauri ya hapa, waliliweka kwa ajili ya wanaosubiri basi, na sisi basi hatusubiri. Kila Jumamosi asubuhi Bi Kokila, mzaliwa wa Mombasa, hutoka na chupa ya kahawa ya tangawizi na vikombe vidogo visivyo na mkono, na ubishi unaanza. Wiki ile ya Oktoba 2004 hapakuwa na jingine ila paredi mpya ya usiku kwenye theme park moja, uwanja wa bembea na michezo nje ya mji. Tulikwenda kwa minibus ya kukodi tukiimba, tukarudi kimya kama watu waliotoka msibani. Aliyetushawishi ni Abdulsamad, Mzanzibari wa mtaa wa Malindi, dereva wa basi mstaafu, ndiyo maana tunamwita Kapteni. Alimchukua mjukuu wake Nasim, miaka minane, aone walau mara moja kitu kinachofanana na zefe, yale maandamano ya Maulidi ya utoto wa babu yake. Kila Jumamosi Nasim huja naye kijiweni. Jumamosi ile Kapteni alikuja peke yake, na sote tulijifanya hatukuona.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Norbert wa Bukavu, msafisha maofisi, tunayemwita Wakili kwa sababu hajapata kukubali kushindwa.

WAKILI: Ile haikuwa paredi. Ilikuwa garage! Magari na ma-lumière, mataa juu, basi. Batu beko wapi?

BI KOKILA: Watu walikuwa ndani ya yale mavazi ya wanyama, Wakili. Miguu yao nimeiona kwa macho yangu.

WAKILI: Miguu bila ngoma ni nini, Mama Kokila? Muziki ilitoka mu speaker!

KAPTENI: Na zamani haikuwa hivyo. Ninety-one nilimpeleka mama yake Nasim, msichana wa skuli bado. Palikuwa na matarumbeta. Palikuwa na jamaa anatembea juu ya miti mirefu, mwenge mkononi. Nikasema, alhamdulillahi, hata hawa wanajua kidogo.

BI KOKILA: Majirani wameshtaki. Hapa ukigonga sufuria mara mbili tu, jirani anapiga simu council.

Mimi nikasema labda ni mvua, labda walizima nusu ya taa wasiunguze nyaya. Walinitazama kama mtu aliyeleta habari za kweli mahali pasipotakiwa.

WAKILI: Mvua gani? Bapiga ngoma baligoma. Strike! Boss akaweka taa kwa nafasi yao.

BI KOKILA: Hapana, sikilizeni. Paredi ya kweli iko stoo. Wametuonyesha mfano kwanza, wanatupima. Tukiupigia makofi mfano, ile ya kweli wataitoa ya nini?

WAKILI: Na tulipiga makofi!

BI KOKILA: Wewe ulipiga. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba.

WAKILI: Stoo haiko. Ile ya zamani balishapeleka Bubiligi. Kila kitu kizuri kinapelekwa Bubiligi, uliza Congo nzima.

Ubelgiji tena! Tulicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa akichagua bamia akageuka. Kapteni hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe chake kitupu gotini.

KAPTENI: Nasim hanisemeshi.

Kicheko kikakatika. Ilibidi sasa lizungumzwe lile lililotokea, maana wote tulikuwepo. Gari la mwisho la taa lilipopita, Kapteni aliinua kamba iliyotuzuia watazamaji, akamshika Nasim mkono, akaingia barabarani nyuma ya gari, akaanza kupiga makofi na kuyumba taratibu kulia na kushoto kama zamani kwao Malindi. Bi Kokila akafuata, pindo la sari mkononi. Wakili akafuata akiimba. Nami nikafuata, kwa sababu kwa kweli hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba lipo jambo jingine la kufanya. Maelfu ya watu walisimama nyuma ya kamba wakitutazama. Walikuja vijana wawili wenye jaketi za njano: "Sir, behind the rope, please." Kwenye minibus Nasim aligeuza uso dirishani. "Babu, everyone was looking at us," akasema, na hakusema tena.

KAPTENI: Ningejuaje mimi? Kwetu zefe halitazamwi. Linapita mlangoni kwenu na matari na karabai, unavaa makubadhi, unaingia. Ukibaki barazani kutazama, watu wanauliza kama unaumwa.

BI KOKILA: Hata sisi, bwana. Sikukuu yetu ya Navratri pale Mombasa, nani anakaa kwenye kiti? Unaingia kwenye duara, unacheza.

WAKILI: Na Siku ya Matawi, Bukavu! Unatoka kwa nyumba, unafuata tu. Mupaka kanisa.

KAPTENI: Juzi nimepiga simu. Mama yake ananambia yuko bafuni. Mtoto gani anakaa bafuni saa nzima? Ananionea haya, jamani. Nilitaka anijue, sasa ananionea haya.

Bi Kokila aliinamisha chupa amwongezee kahawa, yakatoka matone mawili na kipande cha tangawizi. Hapo ndipo tulipomwona Nasim. Alikuwa ametoka na mama yake duka la jirani, akamwachia mama mifuko, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya babu yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefikiria jambo wiki nzima.

— Babu, that thing of yours. The one where you go in.

— Zefe, mwanangu.

— Where does it start?

Kapteni aliweka kikombe chini. Akatazama vidole vyake.

— Linaanzia... Sisi tukilisikia tu. Likifika kwetu limeshakuwa kubwa, tunatoka, tunaingia.

Nasim akamgeukia Wakili. Wakili, ambaye hajapata kukosa jibu, akakuna kidevu. Alikuwa akitoka nyumbani andamano likipita. Lilikotoka hakuwahi kuuliza. Bi Kokila alisema ukifika duara limeshaanza. Wazee wazima wanne, na hakuna aliyepata kuuona mwanzo wake.

Basi la 183 lilisimama, likafungua milango, likaona hatupandi, likaenda zake. Nasim akajipenyeza katikati ya babu yake na Bi Kokila, akaweka mkono wake mdogo ndani ya ule wa Kapteni, akatazama barabara, kule magari yanakotokea.

— Basi tulingoje zefe, akasema kwa Kiswahili.

Kapteni akalia waziwazi, mbele ya bamia na wateja, na sote tukasogea ili apate nafasi.