Marehemu Selestini, Mtu wa Kompyuta ya Pamba

Ndugu zetu mliofika, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa majirani zetu Waislamu, salaam aleikum, na wazee wote, mwangaluka. Walio juani wasogee chini ya turubai, mwenye simu aizime, kwa sababu historia hii itasomwa mara moja tu, na inasomwa na mjukuu wa marehemu, ambaye familia haikumchagua kwa mapenzi bali kwa kuwa ndiye peke yake anayeweza kusoma ukurasa mzima bila kukohoa.

Marehemu Selestini Ngeleja alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika kijiji cha Mwamapalala, mahali ambapo tumewahi kuambiwa ni Maswa, tukaambiwa ni Bariadi, na sasa tunaambiwa ni Itilima mkoa wa Simiyu, na muda wote huo hakuna aliyehama nyumba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ngeleja na mama Justina, wakulima wa pamba na wafugaji. Alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe kama wenzake, ila hakuwachunga vizuri, kwa sababu alikuwa mwoga wa nyoka kupita kiasi, na akiona hata gamba lililovuliwa shambani alipanda mti na kuwaacha ng'ombe waende wanakojua, jambo lililomfanya baba yake aseme, "Huyu apelekwe shule, huku atatumalizia mifugo."

Basi alianza shule ya msingi mwaka 1957, akaendelea na shule ya kati, na mwaka 1968 akamaliza kidato cha nne mjini Mwanza, hesabu akiwa wa kwanza, michezo tusizungumzie. Mwaka 1970 aliajiriwa na ushirika wa pamba kuwa karani wa mizani, na tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa takatifu na Milembe, binti wa Shishiyu, baada ya mazungumzo ya mahari yaliyokula misimu miwili, kwa sababu upande wa mwanamume ulileta ng'ombe mmoja chongo na kujitetea kwamba upande wa pili ulitaja ng'ombe, haukutaja macho. Mungu aliwajalia watoto watatu, Apolonia, Method na Gloria, wote wapo hapa, Method amechelewa lakini yupo.

Mwaka 1979 mamlaka ya pamba, iliyorithi kazi za ushirika uliovunjwa, ilimpeleka Dar es Salaam kusomea kompyuta, akarudi na cheti, suruali pana chini, na tabia ya kujibu "inategemea" hata akiulizwa kama amekula. Mwaka 1986 ushirika, uliokuwa umekwisha kurudishwa, uliletewa kompyuta kubwa, ile ya kujaza chumba kizima, ikawekwa Bariadi mjini kando ya kiwanda cha kuchambulia pamba, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na jenereta, katika jengo ambalo sasa ni ghala la dengu, na marehemu akawa mkuu wa kituo. Kazi ya mashine ilikuwa kukokotoa malipo ya wakulima wa vyama vyote vya msingi, kazi ambayo zamani ilifanywa na makarani kwa kalamu na matusi.

Sasa ndugu waombolezaji, mwaka 1993 ilisikika kwamba soko la pamba linafunguliwa, na kuanzia msimu wa 1994 mtu yeyote mwenye lori na mizani ataruhusiwa kununua, na ushirika ukashikwa na homa, maana mkulima wetu mnamfahamu, anayemlipa leo ni ndugu yake na anayemlipa Desemba ni shetani. Marehemu aliwaambia wakubwa kwamba dawa ni programu mpya ya malipo, itakayomlipa mkulima siku ileile anayopima, lakini programu huandikwa, halafu hujaribiwa, halafu hukosolewa, halafu hujaribiwa tena, na mashine ilikuwa moja, kumbukumbu yake ndogo, mchana kutwa inafanya hesabu za ushirika, na waandishi wa programu walikuwa wakigombania nafasi ya kujaribu kazi zao kama watu kwenye bomba moja la maji, kosa la nukta moja likimrudisha mtu nyuma ya foleni wiki nzima. Aliomba mashine iongezewe kumbukumbu na kabati la pili la mitambo, ili hesabu ziende upande wake na majaribio upande wake, upande mmoja ukiharibika mwingine usijue.

Halmashauri ya ushirika ilikuwa ya wazee wakulima, mwenyekiti wao Namhala Shida, mtu asiyependa kuonekana hajaelewa, naye alimsikiliza marehemu asubuhi nzima akiitikia kwa kichwa, mwisho akasema, "Sawa, tumeelewa, tumekataa." Hapo marehemu alitupa karatasi zake kando, akawauliza wazee kwa Kisukuma kama kuna yeyote kati yao anayemfundisha maksai mchanga kuvuta plau katika shamba lilelile na siku ileile ambayo maksai wakubwa wanalima, wazee wakacheka, wakasema huyo atakuwa mwendawazimu, atavunja mistari yote na watoto watalala njaa. Marehemu akasema, "Basi huo ndio uendawazimu wetu tangu mwaka themanini na sita." Wazee walipitisha ombi kabla ya chai, ila Namhala Shida akaweka sharti mbele ya wote, kwamba siku ya kwanza ya kununua pamba mkulima asipolipwa, Selestini aache kazi na arudi Mwamapalala kuchunga, na marehemu, ambaye alijua vizuri ni nini kilichokuwa kikimsubiri katika majani ya Mwamapalala, alikubali.

Kabati jipya lilifika tarehe 3 Juni 1994, likiletwa na injinia kijana kutoka Dar es Salaam aitwaye Imrani, na msimu ulikuwa ufunguliwe tarehe 1 Julai. Halmashauri haikukubali kitu cha thamani namna ile kipokelewe kimyakimya kama gunia la chumvi, ikaalika ngoma, na ngoma iliyoalikwa ilikuwa ya Wayeye, wale wanaocheza na nyoka, wakiongozwa na Mayala wa Mwamapalala na chatu wake mwenye unene wa paja la mtu mzima. Familia inapenda iwekwe wazi kwamba marehemu hakushirikishwa. Wayeye walicheza uwanjani, wakacheza barazani, na Namhala Shida kwa furaha akawakaribisha wacheze hadi ndani, kusudi mashine yenyewe iwaone, na humo ndani kiyoyozi kilikuwa kimewashwa, baridi kama ya Juni alfajiri, na palipokuwa na joto ni sehemu moja tu, tumboni mwa lile kabati jipya ambalo Imrani alikuwa ameliwasha na kuliacha wazi nyuma. Chatu si mjinga. Kufika wakati wa hotuba tenga la Mayala lilikuwa tupu.

Imrani alikuwa juu ya meza, akisema, "Mzee Selestini, mimi nimesomea kompyuta, sikusomea nyoka!" na marehemu, ambaye wakati huo alikuwa dirishani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, alimuuliza kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Ameingia upande wa hesabu au upande wa majaribio?" Akajibiwa wa majaribio. Marehemu akasema, "Basi hesabu ziendelee." Watu walicheka, lakini kweli hesabu ziliendelea, na ndiyo ikawa mara ya kwanza halmashauri kuona kwa macho faida ya kabati la pili.

Mayala aliitwa amtoe mnyama wake, akachungulia, akasema chatu amejikunja katikati ya nyaya, akivutwa atavuta na nyaya, lakini hana neno na mtu kwa sababu amemeza mbuzi juzi, atatoka mwenyewe akisikia njaa, au izimwe mashine ipoe, atafuata joto kwingine. Imrani akasema mashine ikizimwa sasa, ufungaji wote utaanza upya, na vifaa vingine viagizwe kutoka Dar, na Julai itawapita. Wote walimtazama marehemu. Jioni ile alifika nyumbani, akakaa, hakugusa ugali, akamweleza mkewe, na Milembe akamwambia, "Wewe unayemkimbia mjusi wa ukutani? Vaa mabuti, uende kazini, mimi siwezi kurudi Mwamapalala na mwanamume anayechungia juu ya mti." Kesho yake mji mzima wa Bariadi ulimwona mkuu wa kituo akipita na mabuti ya mvua katikati ya kiangazi.

Waandishi wa programu waligoma kuingia, wakawa wanapitisha kazi zao dirishani, na marehemu peke yake ndiye aliyekaa humo, mgongo ukutani, akizipakia na kuzijaribu moja baada ya nyingine, akisali rozari kila feni za kabati zilipobadili sauti. Aliweka sheria moja tu, kwamba mwenye programu yenye kosa ataingia mwenyewe kuirekebisha palepale kwenye kabati. Ndugu zangu, kabla ya hapo mtu aliandika ovyo akitegemea mashine imwonyeshe kosa, lakini tangu siku ile vijana walikuwa wakikaa chini ya ukuta wa kiwanda wakisomeana kazi mstari kwa mstari, wakikosoana, wakiapizana, na programu zikaanza kuja zimenyooka. Kosa kubwa lililokuwa limewashinda tangu Februari, la kulipa pamba fifi, ile chafu, bei ya pamba safi, lilikuwa la kijana Januarius, naye alipoitwa jina lake na kuambiwa karibu ndani, alifika kizingitini, akashika mlango, akasema, "Ngoja, ngoja, nimeliona!" na alikuwa ameliona kweli.

Tarehe 1 Julai 1994 mkulima wa kwanza alipima pamba saa mbili asubuhi, na kabla ya saa sita alikuwa na pesa yake mfukoni, na nyuma yake walilipwa wengine hadi jioni, fifi kwa bei ya fifi na safi kwa bei ya safi, na kati yenu mliokaa hapa wapo waliolipwa siku ile, wanajijua. Namhala Shida alimshika marehemu mkono mbele ya watu akamshukuru, akasema, "Wabeja, ng'wana Ngeleja," kisha akageuka akaisifu mashine kwa hotuba ndefu. Chatu alitoka jioni hiyo mashine ilipozimwa kupumzishwa, akaondoka na Mayala, aliyelalamika kwamba mnyama wake ameharibiwa tabia na hataki tena kulala kwenye tenga. Wakubwa walikuja kutoka Dar es Salaam kuuliza majaribio yalikwendaje haraka namna ile, marehemu akawaeleza ukweli wote, wakacheka sana, wakaandika kwamba sababu ni kumbukumbu mpya ya mashine.

Wakulima wetu wakisha kulipwa hawana deni la shukrani, na miaka iliyofuata walimfuata mnunuzi aliyekuja na lori hadi mlangoni, kompyuta au hakuna kompyuta, na kituo kikafungwa mwaka 1998, marehemu akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Alirudi Mwamapalala kwa hiari yake, bila kufukuzwa na sharti la mtu, akalima pamba, na pamba yake mwenyewe alimuuzia mwenye lori, akisema amelipa haraka. Alipoulizwa kama haoni uchungu, alijibu kwamba yeye hakupigania ushirika wala mashine, alipigania mkulima alipwe siku anayopima, sasa analipwa, nani amlipe ni maneno ya wakubwa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2011, akatibiwa, akakatazwa chumvi, akaila kwa siri, na alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2017, akiwa hospitalini Bariadi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka ingawa aliwafundisha kazi yao, inawashukuru majirani walioleta kuni, maji na michembe ya viazi, na wale walioleta maneno tu pia tumewapokea, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kituo, akiwemo Januarius, aliyesafiri kutoka Nyashimo na aliyeomba awe wa kwanza kuingia chumba cha marehemu kumuaga, na aliingia bila kushika mlango.

Selestini, mjane wako hana machozi mengi, anasema aliyamaliza mwaka ule wa mabuti. Ulipewa kazi uliyoiogopa ukaifanya, watu wakala, na sisi tulioolewa na tuliozaliwa na wewe hatukuomba zaidi. Huko ulikokwenda hakuna upande wa majaribio, mtu akiingia ameingia moja kwa moja, kwa hiyo usiwaulize maswali mengi. Pumzika kwa amani.