Ephantus Kimotho na Kitabu cha Makosa

Bwana asifiwe. Kabla sijaanza, hebu fungueni programu ukurasa wa mwisho, pale palipoandikwa jamaa aliowaacha marehemu. Mmepaona? Pana kosa la hesabu pale, na si la mchapishaji. Ni langu. Nitalisahihisha nikifika hapo, na naomba hata wale walioenda kuchungulia sufuria wawe wamerudi. Mimi ni Priscillah, dada yake mdogo. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja, kwa hivyo nikisoma nataka kimya.

Ephantus Kimotho alizaliwa tarehe 17 Agosti 1955 huko Kipkelion, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kimotho, aliyekuwa na duka karibu na stesheni ya reli, na marehemu Mama Jerusa. Tangu utotoni alihesabu kila kitu. Treni ikipita akiwa anaoga, alitoka mbio na povu la sabuni mwilini ili asikose hata behewa moja. Mama alimchapa kwa hilo, naye akahesabu viboko.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1962 hapo hapo Kipkelion, akamaliza sekondari 1974, na mwaka uliofuata akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea hisabati na takwimu. Baba aliuliza hiyo takwimu ni kazi ya aina gani. Akaambiwa ni kuhesabu na kupima. Akasema, "Si hata hapa dukani tunahesabu na kupima? Ungebaki tu." Lakini alimsindikiza hadi stesheni akiwa amevaa koti lake la kanisani, na watu wote wa sokoni waliambiwa sababu.

Mwaka wa 1979 kaka aliajiriwa katika kituo cha majaribio ya miche ya chai upande wa Kericho. Kazi yake ilikuwa kulinganisha uzito wa majani yaliyochunwa kwenye vipande mbalimbali vya shamba, ili wakulima wapewe mche ulio bora. Kipande kimoja, namba 14, kilitoa majani machache mwaka baada ya mwaka. Kaka alidhani wachunaji wa pale ni wavivu, akakitoa kwenye hesabu. Hesabu ikanyooka vizuri, wakubwa wakafurahi, na mche ukapelekwa kwa wakulima wa Ndanai. Kiangazi cha 1988 ukawakaukia. Kaka alirudi akachimba kipande namba 14, na chini ya udongo wa shubiri moja akakuta mwamba mtupu, sawa na kule Ndanai.

Jameni, angeweza kunyamaza. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Badala yake alichukua likizo ya wiki mbili, akatembea nyumba kwa nyumba huko Ndanai, nyumba arobaini na tatu, akisema, "Mche wenu umekufa kwa sababu yangu. Niliacha kuhesabu kipande kimoja." Mama mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Alipofika kwangu koti likiwa bado linanuka omena, nilimwuliza, "Umeonaje?" Akasema, "Mmoja kati ya arobaini na watatu. Si mbaya."

Tarehe 10 Desemba 1983 alikuwa amefunga ndoa na Wilkista, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha chai aliyetoka upande wa ziwa. Mungu aliwajalia Tabby, James, Shirley na Vinny. Hesabuni kwa vidole, mshikilie hapo hapo.

Kazi aliyojivunia kuliko zote haikuwa na mshahara. Tarehe 1 Juni 1996, katika chumba cha nyuma cha hoteli moja hapa Roret, yeye na wenzake sita walianzisha Chama cha Wanatakwimu wa Kericho na Bomet. Mwenye hoteli alidhani ni siasa, akawaomba waongee pole pole. Chama kilikutana Jumamosi ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, na hakijawahi kuruka hata moja. Walifundisha wakulima kupima mvua, walienda shule za upili kuwaondolea watoto woga wa hesabu, na mtu yeyote aliyetaka kufanya utafiti huku kwetu walimkagulia maswali yake bure.

Na walikuwa na Kitabu cha Makosa. Hilo lilikuwa wazo la kaka. Kila mwanachama aliandika humo kosa lake, na kosa hilo likasomwa mbele ya wote kwenye mkutano uliofuata, ili awe na miezi mitatu ya kwenda kulirekebisha. Likishasomwa, wote walijibu kwa pamoja, "Limesahihishwa," na halikutajwa tena. Aliyedai hana kosa alinunulia wenzake mandazi, kwa kuwa ni mwongo. Ukurasa wa kwanza kabisa ni kipande namba 14, kwa mwandiko wa kaka mwenyewe.

Sasa nisikilizeni. Nilimpenda kaka yangu na namheshimu, lakini hapa alikosea. Tabby, kifungua mimba wake, alisoma takwimu kama babake na kuingia chama. Tarehe 7 Septemba 2013, mbele ya wageni, kaka alisoma utafiti wake wa maziwa wa Kipkelion. Tabby akasimama, kwa adabu, akasema, "Baba, umeuliza tu wale wanaopeleka maziwa koperativu. Wenye kikombe kimoja cha kuwapa watoto hawakuulizwa." Ilikuwa kweli. Kaka akamwambia, "Mtoto hamsahihishi babake mbele ya wageni." Tabby akasema, "Lakini Baba, kitabu ni chako." Kaka akachukua kofia yake akaondoka.

Tangu siku hiyo, aliyemwuliza ana watoto wangapi alijibiwa watatu. Tabby alikuja mara mbili hadi geti, mara mbili akarudi Ndanai anakofanya kazi. Wakati wa sensa ya 2019, karani alipouliza, Wilkista alijibu, "Wanne." Kaka alitoka nje ati anaangalia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wamefungiwa. Nasi sote tulinyamaza. Aki ya Mungu, tulinyamaza sana.

Mwaka jana mwezi wa pili figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Kericho. Hakulalamika. Alichora mstari wa presha yake kwenye daftari, na daktari akawa anauliza daftari kabla ya kumwuliza yeye. Mwezi wa nne mwaka huu Wilkista alimwona akishika simu, akitafuta jina la Tabby, kisha akiiweka chini. Alifanya hivyo siku kadhaa. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 29 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa, miezi tisa na siku kumi na mbili. Angetaka hizo siku zitajwe.

Jumanne nilipeleka majina kwa mchapishaji. Niliandika watoto watatu. Nilijiambia ndivyo marehemu alivyotaka, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Juzi Alhamisi Bwana Kiplimo, katibu wa chama, akaniletea Kitabu cha Makosa. Mnajua leo ni tarehe ngapi? Ni Jumamosi ya kwanza ya Juni. Leo ni siku ya mkutano, na kosa lililoandikwa tarehe 1 Machi lazima lisomwe. Nasoma jinsi lilivyo:

"Mimi, Ephantus Kimotho. Kwa miaka kumi na moja na nusu nimesema nina watoto watatu. Ninao wanne. Tabby alikuwa sahihi kuhusu maziwa, nami nilijua siku ile ile. Nilimtoa kwenye hesabu kama kipande namba 14, kwa kuwa aliniharibia mstari. Nina miezi mitatu ya kumwambia. Nikishindwa, anayesoma amwambie."

Tabby, najua umekaa kule nyuma na watu wa Ndanai. Njoo mbele, mama. Hapa karibu na mamako pana kiti.

Chukueni kalamu. Marehemu ameacha mjane wake Wilkista. Watoto wanne, Tabby, James, Shirley na Vinny. Wajukuu watano, wakiwemo wawili wa Tabby ambao hakuwahi kuwashika. Na mimi dada yake.

Watu wa chama mliovaa beji, mbona mmeinamisha vichwa? Kosa limesomwa. Simameni mjibu, kwa sauti, ndipo kaka yangu apumzike.