Pa Kulala Mashua ya Nahodha Sponji

Benchi lililo nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia wana majibu ya maswali ambayo hakuna aliyewauliza. Asubuhi ile mwenye shida alikuwa fundi makochi, mtu wa makamo mwenye vumbi la sponji kwenye nyusi, aliyeirithi mashua ndogo ya tanga kutoka kwa marehemu mjomba wake, akaikarabati na kuitandika matakia mazuri kuliko ya sebuleni kwake. Kijiwe kikambandika jina la Nahodha Sponji. Wiki iliyopita aliipeleka familia ikalale baharini usiku mmoja, yaani mke, watoto wawili na mama mkwe, akatia nanga kwenye hori, mkono mdogo wa bahari, ambalo benchi hilohilo lilimchagulia. Safari ya pili ilikuwa kesho. Mkewe alikuwa amemwambia kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa: kabla ya adhuhuri aseme watalala wapi, la sivyo mashua itafutiwe mwenyewe mwingine. Bandari haikuwa mbali, na huko wapo watu waliolala baharini tangu utotoni. Nahodha Sponji akaja kijiweni, kwa sababu bandarini wangegundua kwamba hajui.

— Mara ya kwanza tulikosea wapi? akauliza Rivasi, dereva mstaafu wa lori, ambaye maishani hajawahi kupotea njia. Huwa anarudi nyuma tu.

— Tulikosea? Wewe ulikuwa kitandani kwako, mzee. Matopeni nilikuwa mimi.

— Hori lilikuwa shwari au halikuwa shwari?

— Shwari kabisa. Tumekula, watoto wamelala, mama watoto anacheka mpaka anashika mbavu. Mara maji yakaondoka.

— Yakaenda wapi? akadakia Ripota, muuza magazeti, ambaye husoma vichwa vya habari tu, mengine akamalizia mwenyewe.

— Yalikupwa, bwana wee! Mashua ikalala ubavu. Sufuria likamfuata mama mkwe, mama mkwe akanifuata mimi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Rivasi kwa huzuni.

— Tuliinama wote. Alfajiri nikambeba mama mkwe mgongoni, matope magotini, mpaka nchi kavu.

Benchi zima likatazama chini. Mkwe mgongoni! Yapo mambo ambayo hata kijiwe hakiyacheki, angalau si kwa sauti. Muuza kahawa akamjazia kikombe bila kuombwa.

— Alikuwa anasemaje huko mgongoni? akanong'ona Mashine, kinyozi, ambaye alikuwa amemwacha mteja ndani na nusu ya ndevu.

— Alikuwa anaomba dua. Kwa sauti. Na jina langu limo.

Hakuwaambia kilichokuwa kinamuuma hasa. Matope huoshwa yakatoka. Lakini kile kicheko cha mkewe, kabla maji hayajapwa, hakuwa amekisikia kwa miaka, tangu kazi zilipoanza kuwala jioni zao zote. Alitaka kukisikia tena, na mashua ikiuzwa hakujua angekitafuta wapi.

— Sikiliza, akasema Rivasi. Bahari ni barabara isiyo na vibao. Ukitaka pa kulala, watafute waliokwisha kulala. Ukiona mashua tano zimeegeshwa, jipenyeze katikati.

— Upepo ukivuma zikanigonga?

— Unaweka jiwe nyuma ya tairi.

— Mashua haina tairi, mzee.

— Hapo ndipo waundaji walipotukosea.

Mashine akainua mkono wenye kitana.

— Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nimezishika za mtaa mzima. Ufukwe ni kichwa. Tazama miti yake imelalia wapi, maana ndiko upepo unakoichana. Usilale utosini, lala kisogoni.

— Hilo lina maana kidogo, akakiri Nahodha Sponji.

Sifa ikamharibu Mashine papo hapo.

— Na ufukwe usio na miti ni upara! Unateleza, nanga haishiki. Huo lazima uupake kitu kwanza.

— Niupake nini?

— Mafuta ya kukuzia. Halafu unasubiri.

— Ninyi mnazungukazunguka, akasema Ripota. Ugonjwa ni nanga moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tia ya mbele, ya nyuma, za ubavuni, na kila abiria apewe yake. Mama mkwe apewe mbili.

— Mashua itazama!

— Ikizama haiwezi tena kulala ubavu.

Wakatafuta kosa katika hoja hiyo, wakalikosa. Muuza kahawa akalitikisa birika karibu na sikio.

— Au usitie nanga kabisa, akasema Rivasi, ambaye hapendi kupitwa. Zunguka usiku kucha. Mwenda pole hajikwai.

— Na mimi nalala saa ngapi?

— Wewe si ndiye nahodha? Wanalala abiria.

Hapo Nahodha Sponji, badala ya kuinuka na kwenda zake kama mtu mwenye akili timamu, akahisi wazo linampanda kichwani. Akalisema kabla halijapoa.

— Je, nikiyafunga matakia chini ya mashua? Maji yakipwa, inakaa. Kama mtu kwenye kochi!

— Sasa unaongea! akapiga kelele Ripota.

— Si nilisema? akasema Rivasi, ambaye hakuwa amesema.

Wakapitisha kwa kauli moja: hori lenye miti iliyochanwa, nanga nne, matakia chini. Kijiwe hakikuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote tangu kuwepo, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu. Yeye alifurahi kama mtoto.

Ndipo akatokea mkewe, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa anakofanya kazi. Hakuwahi kufika hapo kijiweni. Wanaume wakasogeleana kumpisha, tofali likayumba.

— Karibu, shemeji.

— Asanteni, shemeji zangu. Baba watoto, umepata?

Akamweleza yote, na mikono akaitumia. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za matakia, bila kucheka.

— Sawa, akasema. Upepo ukigeuka usiku, tunatokea wapi?

Rivasi akachungulia ndani ya kikombe chake. Ripota akafungua gazeti, na kwa mara ya kwanza akasoma habari yenyewe. Mashine akakumbuka kwamba ana mteja. Muuza kahawa alikuwa ameinamisha birika, likatoa tone moja, basi.

Nahodha Sponji akafungua mdomo. Jibu lilikuwepo, hata matatu yalikuwepo, yote mazuri kwa kuyasikiliza. Akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama na mkoba mkononi akimngoja yeye, si benchi.

— Sijui, akasema.

Neno hilo halikuwahi kutamkwa pale. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Mara ya kwanza nilikuuliza swali hilihili, akasema mkewe. Ukanijibu haraka sana. Mimi bahari haijanitisha, baba watoto. Kilichonitisha ni lile jibu.

— Kwa hiyo mashua...

— Inuka twende bandarini, ukawaambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Wakituonyesha pa kulala na pa kutokea, kesho tunaondoka. Mama ameshafunga mzigo wake.

— Mama anakuja?

— Amesema safari hii atavaa viatu vyake mwenyewe vya matope.

Akamcheka, kidogo tu, lakini ni kicheko kile kile. Nahodha Sponji akainuka kwa haraka hata tofali likachomoka, benchi likaenda upande na wazee wakaenda nalo.

Walikuwa bado hawajafika kwenye kona alipomsikia Rivasi nyuma yake, akijikung'uta vumbi:

— Lakini kusema kweli, upepo ukigeuka, jibu lake ni rahisi sana...

Nahodha Sponji akapunguza mwendo. Mkewe akamshika mkono wa shati, akamvuta.